Kuwinda kulungu kwenye shamba la mtu huku Marekani: tafuta ruhusa kwanza, bunduki baadaye

Kila msimu ukikaribia kuna mtu ananipigia simu kuniuliza anunue bunduki gani. Huwa namjibu kwa swali moja tu, utawindia wapi? Hapo kimya. Bunduki ziko tele madukani, ardhi ndo shughuli. Misitu ya serikali ipo ndio, ukiwa na leseni unaingia, ila Texas kwa mfano zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi, na majimbo mengi ya mashariki na ya kati nayo hayako mbali na hapo, kwa hiyo usipojua kumwendea mtu na kumwomba utaishia kuwaona kulungu wakivuka barabara mbele ya gari lako basi.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama mwenyewe. Nikisema kulungu hapa sio yule wa misitu ya kwetu mwenye pembe za kujisokota, huyu ni wa mkia mweupe, dume lake linaota pembe zenye matawi na zinadondoka kila mwaka zikaota upya. Akishtuka ananyanyua mkia juu unaona weupe tu unapepea kama leso, na ukishaona leso hiyo jua umeshaagwa.

Sasa karatasi, nazipitia haraka maana kila jimbo lina kitabu chake cha sheria za uwindaji kinachotoka kila mwaka na ni bure mtandaoni, kisome chote hata kama kinachosha. Utahitaji kozi ya usalama wa uwindaji (Texas ukiwa umezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo ni lazima, majimbo mengine yana tarehe zao), halafu leseni ya jimbo, halafu tagi za kulungu (vile vikaratasi unavyomfungia kila mnyama uliyemuua). Mkaazi analipa kidogo na mtu wa nje ya jimbo analipa sana, kwa hiyo usidanganye kuhusu makazi yako ili uokoe pesa, wanakagua. Na kitu kimoja watu wanachanganya sana: ruhusa ya mwenye shamba haiondoi leseni. Majimbo mengi yanamsamehe mwenye ardhi na familia yake kuwinda kwao bila leseni, we mgeni wake haumo kwenye msamaha huo hata kama anakuita mwanangu.

Kuna hili pia sisi wahamiaji tusilipite juu juu. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye na kibali cha kuwepo nchini kushika bunduki au hata risasi moja, kuazima pia ni kushika. Mwenye viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, naye amekatazwa isipokuwa ameangukia kwenye vifungu vichache vya msamaha, na kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye grini kadi yeye katazo hilo halimhusu, ingawa majimbo yanaweza kuongeza ya kwao. Karatasi zako zikiwa na utata wowote muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujagusa kitu, kulungu mmoja hana thamani ya kesi.

Haya tuje kwenye ruhusa.

Ardhi unaitafuta kwa macho kwanza. Endesha gari taratibu jioni sehemu za mashambani, angalia wapi kulungu wanatoka msituni kwenda kwenye soya au mahindi, weka alama kwenye simu. Halafu tafuta mwenyewe ni nani. Ofisi ya kaunti ina rekodi za viwanja na kaunti nyingi wameziweka mtandaoni, na kuna apu kama onX zinakuonyesha mipaka na jina la mmiliki ukiwa umesimama pale pale. Jina la kwenye rekodi saa ingine ni la kampuni au la marehemu, kwa hiyo usione aibu kumuuliza jirani, majirani wa shamba wanajua kila kitu na pia ndo watakaopiga simu kwa sherifu wakiona gari lisilojulikana, bora wakujue mapema.

Lini uende? Sio wiki ya kufungua msimu, hapo kila mtu anagonga mlango na mzee ameshachoka na sura za wawindaji. Nenda miezi ya baridi ikiisha au kiangazi, mchana, Jumamosi saa nne au saa tano hivi za asubuhi, usimkute anakula na usimkute yuko juu ya trekta anawahi mvua. Vaa nguo za kawaida safi. Nguo za mabaka mabaka ziache nyumbani na bunduki usiwe nayo hata ndani ya gari, na usije na genge la vijana wanne kwenye pikapu, njoo peke yako au na mtoto wako. Ukishagonga rudi nyuma hatua mbili kutoka mlangoni aone mikono yako. Najua tunajua wote kwa nini nasema hivyo, mtu mweusi anayegonga mlango wa shamba ambalo hajulikani, na siwezi kukuambia kila mlango utafunguka kwa tabasamu, mimi wa kwanza ulifunguka nusu nikaambiwa hapana kabla sijamaliza jina langu, wa pili hivyo hivyo, wa tatu mbwa tu ndo alinipokea. Wa nne mama mmoja mjane akanisikiliza. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia, tukaongea kuhusu mihogo robo saa nzima kabla ya neno kulungu halijatajwa, na nadhani mihogo ndo iliyonipa ruhusa.

Maneno yenyewe yawe mafupi. Jina lako, unaishi wapi, unafanya kazi gani, halafu sema wazi: naomba ruhusa ya kuwinda kulungu kwenye shamba lako msimu huu, nitakuwa peke yangu, natumia upinde (au bunduki), ukisema hapana nitakuelewa. Usizunguke. Akisema hapana mshukuru, muachie namba yako kwenye karatasi, ondoka ukiwa unacheka. Nimepata simu miaka miwili baada ya hapana, kulungu walikuwa wamemmalizia soya yake mzee akakumbuka ile karatasi. Na kama ni mkulima analia kuhusu mazao basi mwambie uko tayari kuwinda majike, hilo linamgusa kweli maana jike ndo anayezaa na wawindaji wengi wanataka dume la pembe kubwa tu wapige nalo picha.

Kutoa kitu mkononi ni sawa ila kwa heshima. Mimi naomba kazi: kurekebisha fensi, kupasua kuni, kuokota taka kando ya barabara. Nyama pia unamuahidi. Pesa ni habari nyingine kabisa, ukishalipa inakuwa kukodi, mnahitaji mkataba wa maandishi na wengine watadai uwe na bima. Kuna sababu ya kisheria nyuma ya hilo, majimbo yote 50 yana sheria inayomlinda kwa kiasi fulani mwenye ardhi anayeruhusu watu waingie bure kwa burudani, mgeni akivunjika mguu mwenye ardhi asishtakiwe kirahisi, na ulinzi huo unaweza kupungua au kuondoka akianza kupokea pesa. Mzee akikwambia naogopa utaanguka unishtaki, mueleze hilo taratibu, kuna mmoja nilimuona mabega yanashuka kabisa.

Akikubali usiruke ruke. Sasa ndo kuuliza, na uliza akiwa hapo hapo kwenye hali ya kukubali. Mipaka iko wapi hasa, mwambie mtembee pamoja kama ana nafasi au akuonyeshe kwenye ramani ya simu. Nani mwingine ana ruhusa na anakaa upande gani, hili ni la uhai wako. Niegeshe wapi. Geti nililokuta wazi liwe wazi na nililokuta limefungwa lifungwe, hiyo hata usiulize, fanya. Ng'ombe wako wapi, farasi wako wapi. Siku zipi hutaki nije. Nikupigie kila nikija au meseji inatosha? Naweza kuweka dungu la kukalia kwenye mti, naweza kukata matawi, naweza kufunga kamera? Naweza kuja na mtu? (Kama hajasema ndio, basi ni hapana. Ruhusa ni yako, sio ya shemeji yako.) Na la mwisho ambalo watu hawaulizi: nikimpiga mnyama akavuka kwa jirani, jirani ni nani na mnaelewana?

Halafu karatasi. Ohio kwa mfano ruhusa lazima iwe ya maandishi na uwe nayo mfukoni unapowinda, kwingine ya mdomo inatosha, ila mimi popote naandika. Jina lake, jina lako, shamba lilipo, tarehe kuanzia na kuishia, mnyama gani, silaha gani, namba ya gari lako, sahihi mbili. Nakala moja yake, moja yako kwenye mfuko wa leseni, na picha kwenye simu. Askari wa wanyamapori akikukuta msituni mazungumzo yanaisha dakika mbili. Na mtoto wa mzee akija kutoka mjini akakukuta juu ya mti na hajawahi kukusikia, hapo ndo utaipenda hiyo karatasi.

Jifunze pia alama za kukatazwa. Sio kila mahali kuna kibao. Texas na Missouri na majimbo mengine kadhaa rangi ya zambarau kwenye mti au nguzo ni sawasawa na kibao cha usiingie. Texas inatakiwa iwe mistari ya wima isiyopungua urefu wa inchi 8 na upana wa inchi 1, futi 3 hadi 5 kutoka ardhini, na msituni alama zisiachane zaidi ya futi 100. Ukiona zambarau na shamba lako limeishia hapo, wewe nawe umeishia hapo.

Ukishapata ruhusa usisubiri msimu ndo uje. Tembea shamba mara mbili tatu mchana bila silaha. Tafuta njia zao, zinaonekana kama njia za mbuzi, tafuta kinyesi cha vipunje vyeusi, tafuta miti midogo iliyochubuliwa magome na madume wanaosugua pembe na sehemu zilizoparurwa ardhini chini ya tawi. Angalia wanalala wapi na wanakula wapi, we utakaa katikati, usiende kuwaamsha chumbani kwao. Piga simu au tuma meseji kila unapokwenda hata kama ni kutembea tu. Kupe ni wengi, chomeka suruali ndani ya soksi na ujikague ukirudi.

Upepo ndo kila kitu. Macho ya kulungu hayaoni vizuri kitu kilichotulia lakini pua yake haina mfano, akikunusa hata ukiwa umejificha vipi kwisha habari yako. Kwa hiyo chagua sehemu mbili za kukaa, moja ya upepo wa huku na nyingine ya upepo wa kule, na asubuhi angalia upepo kabla ya kuamua, kama umegeuka na huna sehemu ya kukaa rudi ulale, mimi nimeharibu sehemu nzuri kwa ubishi wa siku moja, sikuona hata sikio kwa wiki mbili. Wanatembea zaidi alfajiri na jioni. Madume wanapotafuta majike, sehemu nyingi za nchi ni Novemba, wanapoteza akili na unaweza kumuona saa sita mchana akikatiza wazi. Majimbo mengi yanaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama, hakikisha kwenye kitabu chako maana sio yote. Na mahindi ya kutega pia uliza, Texas kwenye ardhi binafsi ni kawaida kabisa, Pennsylvania kwa ujumla ni kosa.

Dungu sasa. Wawindaji wengi wanaumia kwa kuanguka mtini kuliko kwa risasi, na wanaoanguka sio wageni tu, ni wale waliozoea kwa miaka 20. Vaa mkanda wa mwili mzima na ujifunge kabla miguu haijaondoka ardhini mpaka urudi chini. Unapopanda muda wote viungo vitatu viwe vimeshika, mikono miwili na mguu au miguu miwili na mkono. Bunduki haipandi mgongoni, unaivuta kwa kamba ukishakaa, haina risasi ndani na mdomo ukiangalia chini. Mwambie mtu nyumbani uko mti gani na utarudi saa ngapi. Nguo ya machungwa ya kung'aa vaa hata kama jimbo lako halikulazimishi kwenye ardhi binafsi, kulungu haioni rangi hiyo kama tunavyoiona sisi, ila mwenzako mwenye bunduki anaiona. Pennsylvania msimu wa bunduki wanataka inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni kwa jumla, Georgia ni 500.

Kabla ya kufyatua jiulize nyuma ya mnyama kuna nini. Sio kichaka, kichaka sio ukuta. Kuwe na udongo. Mnyama aliyesimama juu ya kilima na anga nyuma yake hapigwi kamwe, risasi ya bunduki inasafiri maili na zaidi na huko iliko kuna nyumba au ng'ombe wa yule yule aliyekupa ruhusa. Kuna pia umbali wa nyumba, Pennsylvania ni yadi 150 kwa bunduki kutoka nyumba inayokaliwa na yadi 50 kwa upinde, isipokuwa mwenye nyumba akikuruhusu. Na usipige kuvuka mpaka hata kama dume limesimama hatua tatu upande wa pili linakucheka.

Subiri asimame ubavu, au ubavu akiwa amegeuka kidogo kukupa mgongo, lenga nyuma tu ya bega, theluthi ya chini kuelekea katikati, hapo kuna moyo na mapafu na anakufa kwa sekunde chache. Akikutazama uso kwa uso muache. Akiwa anakimbia muache. Kwa Waislamu bismillah inasemwa wakati wa kufyatua, na ukimkuta bado hai unachinja.

Ukishapiga, kaa. Hapa ndo wengi tunaharibu, moyo unadunda unataka kushuka mbio. Angalia alikosimama, alikoingia kichakani, angalia saa. Subiri nusu saa hata kama unajua umepiga vizuri. Halafu nenda kwenye damu: nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Nyekundu nzito yenye weusi ni ini, mpe masaa matatu manne. Ukiona majani majani ya kijani na harufu mbaya umepiga tumbo, rudi nyuma kimya kimya umpe masaa manane hadi kumi na mawili, ukimfuata sasa hivi ataamka na utamkimbiza mpaka kaunti nyingine.

Damu ikifika kwenye fensi ya jirani unasimama. Najua inauma. Texas huwezi kumfuata mnyama uliyemjeruhi kwenye ardhi ya mtu bila idhini yake, majimbo mengine yana njia zao, ila popote ulipo kupiga simu kwanza hakujawahi kumfunga mtu. Mpigie mwenye shamba wako, yeye ampigie jirani, acha bunduki garini, nenda kwa miguu. Jirani akikataa mpigie askari wa wanyamapori akusaidie kuongea naye.

Umempata, funga tagi kabla hujamsogeza kama sheria yenu inavyotaka na toa taarifa kwa simu au apu ndani ya muda uliowekwa. Mpasue mapema, joto ndo adui wa nyama, vaa glavu, kata kwa kina kidogo usitoboe utumbo wala kibofu, toa kila kitu mpaka koromeo, kisha ikae chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, siku ikiwa ya joto jaza barafu za mifuko tumboni. Matumbo usiyaache njiani anapopita mzee na mbwa wake, yaache pale alipokuonyesha, au kama hukuuliza muulize sasa. Uliza pia kama eneo lenu lina ule ugonjwa wa kulungu wa kukonda mpaka kufa, ulionekana kwanza Colorado mwaka 1967 na sasa uko majimbo mengi. Haujathibitishwa kumpata binadamu, lakini ushauri wa wataalamu wa afya ni mnyama apimwe na akikutwa nao asiliwe, na kuna vizuizi vya kusafirisha kichwa na uti wa mgongo kutoka maeneo hayo. Ukimuua kinyume cha sheria ukavuka naye jimbo inakuwa kosa la shirikisho, sheria ya tangu 1900, usijaribu.

Nyama ya mwenye shamba ipeleke wiki hiyo hiyo, ikiwa imekatwa, imefungwa, imeandikwa tarehe. Usimpelekee paja lenye manyoya. Muulize kwanza anapenda nini, yule mama wangu wa mihogo hali kulungu kabisa, mwaka wa kwanza nilimjazia friji akashukuru vizuri sana na baadaye nikaja kujua alimgawia mchungaji wake yote. Sasa nampelekea kuni, na Februari nikishateremsha dungu langu napita kumwambia nimeshaliondoa, ananiuliza mihogo inaendeleaje, na kabla sijawasha gari namuuliza kama mwaka ujao ni sawa, kila mwaka namuuliza upya na tunaandika karatasi upya.